Wazee wa kujitolea walitua Lindi, mzigo akabeba nani?

Wiki hii tunaweka kando kwanza habari za mapenzi na vituko vya mjini. Tunakwenda kusini. Usinune, hakuna mtihani mwishoni!

Ukitoka Mbagala na basi la Lindi, unapita Nangurukuru, unavuka Mto Mbwemkuru, halafu unaingia Kitomanga. Kwa abiria wengi wa Bongo, Kitomanga ni jina la kusoma dirishani tu. Unaona minazi, mikorosho na mashamba ya ufuta, kufumba na kufumbua basi limeshapita, nawe umeshalala tena.

Lakini ebu itazame ramani vizuri. Kaskazini ya Kitomanga kuna Kilwa, kusini kuna Lindi. Mwaka 1917 bandari hizo mbili zilikuwa milango ya vita. Jeshi moja la Mwingereza lilishukia Kilwa na jingine likashukia Lindi, yote yakimsaka Mjerumani mmoja mbishi kupindukia, Paul von Lettow-Vorbeck. Watu wa vijijini hapo katikati hawakuwa wamegombana na mtu. Ila wahenga walishasema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi.

Katika msafara ule wa Mwingereza kulikuwa na kikosi kimoja cha ajabu, ambacho stori yake inanoga kama sinema. Ni Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, jeshi la miguu, na wote walikuwa watu wa kujitolea.

Kujitolea! Hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Kijana yeyote aliyepita JKT anajua kwamba kambini kuna watu wa aina mbili. Kuna wa kujitolea, na kuna wa mujibu wa sheria. Wa kujitolea ameomba mwenyewe. Wa mujibu amemaliza kidato cha sita, jina limetoka kwenye orodha, anafunga begi. Huo wa mujibu ulisitishwa mwaka 1994, ukarudishwa 2013. Sawa, tunaelewana. Sasa shika kichwani hizo aina mbili, maana mbele kidogo tutakutana na aina ya tatu.

Twende London, mwanzoni mwa 1915. Vita ya Kwanza ya Dunia ina miezi michache tu. Kuna jamaa anaitwa Daniel Patrick Driscoll, mkongwe wa vita ya Makaburu kule Afrika Kusini. Huyu na wenzake wana chama chao kinaitwa Legion of Frontiersmen, chama cha watu waliozurura dunia: wawindaji, mabaharia, wachimba dhahabu, wapanda farasi. Masela wa enzi hizo, tena wa kimataifa! Serikali ikamruhusu Driscoll aunde kikosi kwa ajili ya Afrika Mashariki, na watu wakamiminika.

Sikiliza waliojiandikisha. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri na mwandishi wa vitabu, umri miaka 63. Ndiyo, sitini na tatu! Mtu wa umri huo kwetu anapewa kiti kivulini na kikombe cha kahawa, yeye anaomba bunduki. Cherry Kearton, mpiga picha za wanyama, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kupiga filamu za mbugani. William Northrup McMillan, Mmarekani mwenye pesa zake aliyekuwa na mashamba Kenya. Ukifika Nairobi ukaona maktaba ya McMillan, ndiye huyo huyo. Na Angus Buchanan, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu miaka yake mitatu ya vita huku kwetu.

Kikosi kikatumwa Afrika karibu bila mafunzo. Wakubwa walisema hawa wameshaona kila kitu, wafundishwe nini tena? Aprili 1915 wakapanda meli, Mei wakashuka Mombasa, watu zaidi ya elfu moja.

Mwezi uliofuata wakapelekwa ng'ambo ya Ziwa Victoria kuipiga Bukoba, ambako Wajerumani walikuwa na mtambo wa simu ya upepo. Mji ukachukuliwa tarehe 23 Juni, mtambo ukaharibiwa. Kisha kikazuka kitu ambacho kwenye masimulizi ya mashujaa huwa kinasemwa kwa sauti ya chini: mji ukaporwa. Watu wa kujitolea walijitolea na mali za wenyewe. Baada ya hapo wakarudi melini, mji wakauacha nyuma na wenyeji wake.

Nisiwapake matope wote, maana haki ni haki. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, upande wa Taita kule Kenya, doria yao ilishambuliwa. Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia, alikuwa amejeruhiwa mguu. Wenzake wakataka kumbeba. Akaona majeruhi wengine hawabebeki, akawaamuru walio wazima waondoke yeye abaki nao, akitumaini atawalinda. Aliuawa pale pale. Alipewa nishani ya Victoria, ambayo kwa Waingereza hakuna nyingine juu yake. Huyo alijitolea kwelikweli. Alikuwa na nafasi ya kuondoka, akabaki.

Ukilishika hilo la Dartnell, umeishika makala yote. Kujitolea maana yake ulikuwa na njia ya kukataa, hukuitumia.

Basi, vita ikasogea. Homa ikawakamata, tumbo la kuhara likawakamata, funza wakaingia vidoleni. Wale wababe wa dunia nzima wakaanza kupukutika bila hata kumwona adui. Tarehe 4 Januari 1917, kule Behobeho karibu na Rufiji, Selous naye akapigwa risasi akafa, siku chache baada ya kutimiza miaka 65. Akazikwa hapo hapo. Mwaka 1922 pori lile likapewa jina lake, na kaburi lake lipo mpaka leo ndani ya eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wanapelekwa kuliona.

Waliosalia wakapelekwa Afrika Kusini kupumzika. Wakapata nguvu kidogo, kisha wakarudishwa vitani. Wapi? Lindi.

Waingereza walikuwa wameshaichukua miji ya pwani ya kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, Septemba 1916. Lakini kushika bandari ni jambo moja, kuingia ndani ni kasheshe nyingine. Juni 1917 wakaanza kusukuma kutoka Lindi, kupandisha bonde la Lukuledi. Upande wa Kilwa, tarehe 19 Julai, kukawa na pigano kubwa Narungombe. Agosti upande wa Lindi wakakwama Narunyu. Na Oktoba, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, yakaja makubwa ya Mahiwa, karibu na Nyangao, njia ya Masasi.

Mahiwa haikuwa mchezo. Siku nne watu walipigana hatua kwa hatua, vichakani, mitaro kwa mitaro. Upande wa Mwingereza wengi walikuwa Waafrika: Wanigeria waliotokea upande wa Kilwa, na King's African Rifles, wale ambao babu zetu waliwaita Keya. Kati ya watu kama 4,900 wa Mwingereza, 2,700 hivi waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mjerumani alipoteza zaidi ya 500, na yeye hakuwa na wa kuziba pengo. Tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mbele ya wale wazee wa kujitolea wakabaki wachache mno, wakaondolewa Afrika Mashariki, na kikosi kikavunjwa. Sinema ikaisha.

Ila sinema hiyo ina watu ambao kamera haikuwaelekea kabisa.

Jiulize swali la mtu wa kawaida: hao askari walikula nini? Risasi zilifikaje Mahiwa? Lori? Barabara ilikuwa wapi? Farasi na ng'ombe? Mbung'o wa kusini waliwamaliza. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu kidogo, ya mfano tu. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Ili atembee, lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Kambi iko siku 10 kutoka bandarini. Kwenda siku 10, kurudi siku 10, amekula kilo 20. Anayoifikishia kambi ni kilo 5 tu! Kwa hiyo ili kambi ipate kilo 25, wapagazi watano wametembea siku 20 juani na mvuani. Jeshi likisogea mbele siku mbili zaidi, wote watano wanafikisha kilo 5 kwa pamoja. Umeona mtego? Kila hatua ya jeshi kuingia ndani ilidai mamia ya mabega mapya. Na njia rahisi ya kubana matumizi ilikuwa ipi? Kumpunguzia mpagazi chakula.

Mabega hayo yalitoka wapi? Kenya kulitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917, vita ya kusini ilipopamba moto, msako ukawa mkubwa kuliko wakati wowote. Huku kwetu kila jeshi lililopita lilichukua wanaume wa vijiji lilivyovikuta, la Mwingereza na la Mjerumani, pamoja na nafaka waliyoiweka ghalani. Kumbuka pia kwamba watu wa Kilwa na Lindi walikuwa na miaka kama kumi tu tangu Maji Maji ya 1905 hadi 1907 na njaa yake. Kidonda kibichi, kikatiwa chumvi.

Hiyo ndiyo aina ya tatu niliyokuahidi. Kuna wa kujitolea, kuna wa mujibu wa sheria, na kuna wa kukamatwa.

Hata katikati yake mambo hayakuwa meupe. Keya walikuwa wanajiandikisha na kulipwa. Mwaka 1914 walikuwa batalioni 3, vita inaisha 1918 walikuwa 22, watu zaidi ya 30,000. Batalioni ya sita iliundwa mwaka 1917, na ndani yake waliingia askari waliokuwa wa Mjerumani, waliotekwa. Mtu jana alikupiga risasi, leo anavaa sare yako. Alijitolea? Labda alipenda. Labda aliona mshahara wa askari ni afadhali kuliko boma la mateka. Batalioni hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961. Kwa hiyo usicheke, hilo ni jambo la nyumbani.

Turudi kwa wapagazi. Upande wa Mwingereza peke yake inakadiriwa walikufa karibu laki moja. Laki, msomaji wangu! Si kwa risasi hasa. Ni kuhara, ni kichomi, ni homa, ni unga wa mahindi usioiva vizuri kwa sababu hakuna muda wa kupika, ni kulala chini matopeni bila blanketi la maana. Na pesa zao je? Mishahara ambayo wenyewe walikufa kabla ya kuichukua ikabaki serikalini. Baada ya vita wakatokea watu waliodai angalau fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Wakazungushwa miaka nenda rudi, mwisho wakagonga mwamba.

Kilichobaki ni jina la mtaa. Kariakoo yetu pale Dar, unakogombea viatu vya mtumba na simu ya mkononi, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, iliyotafunwa na ulimi wa Kiswahili. Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916 waliwaweka wapagazi hapo. Nairobi nako kuna Kariokor, mzazi mmoja. Na ile sanamu ya askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi mpiganaji kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake.

Sasa ahadi hiyo iweke kwenye mizani. Selous ana kaburi, ana vitabu, alipewa pori zima. Dartnell ana nishani. McMillan ana maktaba. Mpagazi ana nini? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayotunza makaburi ya wanajeshi duniani kote, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na si kwa bahati mbaya. Wakubwa wa wakati ule waliona Mwafrika wa kawaida hahitaji jiwe lenye jina lake. Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Najua unachotaka kuniuliza. "Sasa mimi wa Sinza inanihusu nini? Hiyo vita ina miaka zaidi ya mia!"

Inakuhusu, tena leo leo. Hilo neno kujitolea bado liko mjini, linatembea na tai shingoni. Umemaliza chuo, unazunguka na bahasha, ofisi inakwambia njoo ujitolee kwanza. Mwezi, miezi sita, mwaka. Nauli yako, chakula chako, na kazi unafanya sawa na mwenye mshahara, pengine kumzidi. Ukilalamika unaambiwa, "Kwani si ulijitolea mwenyewe?" Simlaani anayejitolea, maana wapo waliopata ujuzi na hata ajira kwa njia hiyo. Ila nakupa kipimo cha Dartnell: ungeweza kukataa? Ukikataa, ungekuwa na pa kwenda? Kama jibu ni hapana, basi usikubali wakuvike sifa ya mtu wa kujitolea wakati bega lako limekodishwa bure. Dai hata nauli. Dai barua yenye jina lako na kazi uliyofanya. Wapagazi wa 1917 walikosa vyote viwili, na uliona yaliyowapata.

La pili ni dogo lakini zito. Vijana wa Dar wenye asili ya kusini ni wengi, ila wengine wanaona aibu kusema kwao ni Kitomanga, Narunyu au Nyangao. Watani wanawacheka, nao wanacheka pamoja nao yaishe. Jamani, majeshi ya karibu dunia nzima yalipita huko kwenu: Waingereza, Wahindi, Wanigeria, watu wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana. Wote hao walikula kwa sababu kuna mtu wa kijijini alibeba. Mtu huyo hakuandikwa kwenye jiwe, lakini ukoo haukuzimika, maana wewe upo unasoma gazeti hili.

Siku ukienda likizo, kabla hujaanza kutafuta mtandao wa simu juu ya mwembe, kaa na mzee wa ukoo. Shikamoo, halafu muulize: baba wa babu yako aliitwa nani, na wakati wa vita ya Mjerumani alikuwa wapi? Akikupa jina moja tu, liandike. Liandike hata nyuma ya daftari, na tarehe uliyoambiwa, na nani kakwambia. Waingereza wameshindwa kumaliza orodha hiyo kwa zaidi ya miaka mia, na sehemu yake kubwa haiko London. Iko vichwani mwa wazee, na wazee hawangojei likizo ya mwakani.

Haya, nimemaliza. Aliyekasirika akanywe maji baridi. Wiki ijayo tunarudi mjini kwenye vituko vyetu, panapo majaaliwa.